Fundo dogo laweza kukunyima kitoweo

Je, msomaji, umewahi kumwona mvuvi wa mshipi akirudi ufuoni mikono mitupu na kusema, "Alikuwepo, lakini amekata"? Wengi wetu tukisikia maneno hayo hucheka kichinichini. Tunajua kwamba samaki aliyeponyoka huwa siku zote mkubwa kuliko yule aliyefika sokoni. Hata hivyo, mara nyingi mvuvi huyo husema kweli. Samaki alikuwepo. Tena mara nyingi kilichokatika si mshipi wenyewe, bali ni fundo.

Nayasema haya si kwa kusoma vitabuni. Nilipokuwa darasa la sita nilitumwa Msambweni, pwani ya kusini, kukaa na mjomba wangu likizo ya Desemba. Mjomba alikuwa mvuvi wa mshipi. Hakuwa na mashine wala mashua kubwa. Alikuwa na mtumbwi, tanga lililotiwa viraka, na kibao kilichozungushiwa nailoni. Wiki ile bahari ilikuwa imemkataa. Siku tatu mfululizo alirudi na visamaki vya kutosha mchuzi wa nyumbani tu, na Januari ilikuwa ikibisha hodi. Binamu yangu alikuwa anaingia shule, na sare ilikuwa haijanunuliwa.

Jioni ya siku ya tatu mjomba alikuwa akishona tanga, akanipa kazi ya kufunga mshipi wa kesho. Alinionyesha mara moja jinsi ya kufunga vitanzi viwili vya kutundikia ndoana. Nikamwambia nimeelewa. Kusema kweli niliona mizunguko yake ni mingi na inachosha, nami nilitaka kwenda kucheza. Nikafunga vitanzi vyangu kwa fundo la kawaida, lile la kila mtu, uzi ukiwa umekunjwa mara mbili. Kwenye mwanga wa taa ya chemni vilifanana kabisa na vya mjomba.

Kesho yake, nje ya mwamba, mshipi ulivutwa kwa nguvu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Mjomba alisimama, akaachia kidogo, akavuta, akaachia tena. Tuliuona mgongo wa kahawia wenye madoa ukipanda kutoka kwenye maji ya buluu. Alikuwa tewa, na sare ya shule ilikuwa ndani yake. Kisha mshipi ukalegea.

Mjomba aliuvuta wote bila kusema neno. Alipofika mwisho aliushika kwa vidole viwili akaniletea karibu na macho. Ncha ya nailoni ilikuwa imejikunja kama jongoo aliyeguswa.

"Mwanangu," akasema, "hili si fundo nililokuonyesha."

Hakunipiga, wala hakunigombeza. Usiku ule alinikatia nailoni ya urefu wa pima moja, akaniambia, "Nifungie mpaka nikwambie basi." Nilifunga na kukata hadi nikasinzia. Fundo alilonifundisha ndilo ninalotaka kukufundisha leo, uwe unajiandaa kwenda Pwani likizo ijayo na watoto au ni mwanafunzi unayetaka tu kujua vidole vyako vinaweza nini. Wanaovua kwa kujifurahisha hulijua kwa jina la Kiingereza, dropper loop. Mimi nitaliita fundo la kitanzi cha pembeni, kwa maana hivyo ndivyo lilivyo.

KAZI YAKE

Mshipi wa kuvulia chini ya bahari umepangwa hivi. Mwisho kabisa kuna chubwi, yaani kile kitu kizito kinachouzamisha. Juu yake zinaning'inia ndoana mbili au tatu, kila moja mahali pake. Ukizifunga ndoana hizo moja kwa moja kwenye mshipi, au kwa vijiuzi vinavyolegea, zitajizungusha kwenye mshipi wakati unaposhuka. Zikifika chini zitakuwa tonge la nailoni na chambo. Changu hana haja na tonge.

Fundo la kitanzi cha pembeni linaondoa tatizo hilo. Linafungwa katikati ya mshipi, bila kuukata, na likikazwa vizuri kitanzi chake kinasimama pembeni kama tawi linavyotoka kwenye shina la mti. Ndoana inakaa mbali na mshipi mkuu. Isitoshe, mshipi wenyewe unapita katikati ya fundo ukiwa umenyooka, huku mizunguko ikiugawana mzigo. Katika fundo la kawaida uzi hupinda ghafla na kujibana mahali pamoja, na hapo pamoja ndipo panapokatika. Hiyo ndiyo siri ya tewa wetu.

Hapa niseme jambo moja kuhusu nailoni. Kitu hiki kiligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, na kundi lililoongozwa na mkemia Wallace Carothers. Kabla yake watu walivulia nyuzi za pamba na za mimea, ambazo zikilowa hushikana. Nailoni ni nyororo na inateleza. Fundo la kamba ya katani laweza kushika kwa mzunguko mmoja. Fundo la nailoni lisilo na mizunguko ya kutosha hujifungua taratibu chini ya maji, na wewe juu hujui. Ndiyo maana mjomba hakuwa na subira na mtu anayeona mizunguko mitano ni mingi.

JINSI YA KULIFUNGA

Chukua uzi wa nailoni wa urefu wa mita moja hivi. Kama ni mara yako ya kwanza, usianze na nailoni kabisa. Anza na kamba ya viatu au kamba nyembamba ya kuanikia nguo, ili uone kinachotendeka. Uweke mezani mbele yako, ncha moja kushoto na nyingine kulia.

Katikati ya uzi huo tengeneza duara, ncha zikipishana kwa juu. Duara hilo liwe kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu sehemu kubwa ya uzi italiwa na mizunguko. Ukitaka kitanzi cha urefu wa kidole, anza na duara la ukubwa wa sahani ya chai.

Sasa pale ncha zinapopishana, chukua ncha moja uipitishe ndani ya duara, kama unayeanza kufunga fundo la kawaida. Usiishie hapo. Ipitishe tena ndani ya duara, na tena, ukiuzungusha uzi mwenzake, hadi utimize mara sita. Utaona sehemu ya juu ya duara imesokotana kama msuko wa nywele, na sehemu ya chini imebaki wazi.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Tafuta katikati ya msuko huo, mizunguko mitatu ikiwa upande huu na mitatu upande ule. Hapo katikati tenganisha nyuzi mbili kwa ukucha, upate tundu. Kisha chukua upande wa chini wa duara, uvute juu, uupenyeze katika tundu hilo. Hicho kilichopenya ndicho kitanzi chako. Kishike kisirudi.

Kama tundu linakusumbua kwa kujifunga kila ukiliachia, tumia kijiti cha kiberiti. Kipenyeze pale nyuzi zinapopishana tangu mwanzo, kabla ya kuzungusha lolote, kisha kizungushe chenyewe kama propela. Nyuzi zitasokotana pande zote mbili kwa pamoja. Ukitosheka, chomoa kijiti, na tundu litakuwa linakungoja. Watoto hupenda njia hii. Mjomba aliidharau, lakini mjomba alikuwa na kucha ngumu kama kombe.

Baada ya hapo lowesha fundo kwa mate au kwa maji. Jambo hili dogo watu hulipuuza, nalo lina maana kubwa. Nailoni kavu ikikazwa haraka hujisugua yenyewe na kupata joto, na joto huiunguza mahali usipoweza kupaona. Maji huifanya iteleze na kukaa mahali pake.

Ukiwa umelishika kitanzi, vuta ncha zote mbili kwa pamoja, polepole, kwa nguvu sawa. Wavuvi wengi hukishika kitanzi kwa meno kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi. Sikuambii ufanye hivyo. Tundika kitanzi kwenye msumari au kitasa cha mlango, na meno yako yatakushukuru. Utaona mizunguko ikikimbilia pande mbili za kitanzi na kujipanga safu, huku kitanzi kikisimama wima.

Liangalie vizuri. Mizunguko ipangane mmoja ubavuni mwa mwingine kama wanafunzi gwarideni. Ukiona mmoja umemrukia mwenzake mgongoni, usijidanganye kwamba utakaa sawa ukikazwa zaidi. Kata, uanze upya. Kwa nailoni nyembamba unaweza kuongeza mizunguko. Kwa nene sana punguza, kwani haitakazika.

Kuhusu umbali, mimi hufunga kitanzi cha kwanza shibiri moja na nusu juu ya chubwi, na cha pili shibiri mbili juu ya cha kwanza. Kanuni ni moja tu: ndoana ya juu ikining'inia isiifikie ya chini.

Kuitundika ndoana hakuhitaji fundo jingine, mradi ndoana yenyewe iwe na tundu. Bana ncha ya kitanzi, ipenyeze katika tundu la ndoana, kisha ipanue na uipitishe juu ya ndoana nzima hadi izunguke shingo yake. Vuta. Ukitaka kubadilisha ndoana kubwa kwa ndogo, rudisha ulikotoka, na mshipi wako haujakatwa. Ndoana zenye kichwa bapa kisicho na tundu hazifai kwa njia hii.

Na chubwi? Duka huuza za risasi, lakini kwenye fuo zetu utakuta nati kuukuu, plagi za magari na vipande vya nondo. Mimi sioni ubaya wowote katika plagi kuukuu. Ubaya upo katika risasi iwapo utaikaza kwa meno, kwani ni sumu, na hasa kwa watoto. Nawa mikono kabla ya kula ukiishika. Jambo la busara ni kufunga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Chubwi ndilo linalonasa kwenye miamba. Likinasa, uzi dhaifu ukatike, ulipoteze hilo peke yake na kubaki na ndoana zako zote, pamoja na samaki kama umejaliwa.

KABLA HUJAENDA

Kuna mambo ambayo nisingependa uyasome halafu uyasahau. Usizungushe mshipi mkononi hata siku moja, hasa ukiwa na mtoto. Samaki mkubwa akikimbia, nailoni hukata nyama kama kisu. Mshike mshipi kwa vidole vinavyoweza kuachia. Wavuvi hujivisha vidoleni vipande vya mpira wa baiskeli kwa sababu hiyo. Ndoana zitiwe kwenye kopo lenye kifuniko, si mfukoni wala kwenye mchanga. Na vipande vya nailoni ulivyokata ukijifunza, virudishe nyumbani. Nailoni haiozi kwa miaka mingi, na kasa na ndege wa baharini hunaswa nayo na kufa kifo cha polepole.

Aidha, si kila mahali palipo na maji panavuliwa. Ndani ya mbuga za bahari kama Kisite, na zile za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu mwaka 1968, kuvua hakuruhusiwi. Kwingineko uliza kwanza kwa kamati ya ufuo, BMU, au ofisi ya uvuvi iliyo karibu. Watakwambia pia kuhusu leseni ya anayevua kwa kujifurahisha. Nimesikia watu wa mjini wakiogopa kwamba nailoni yote ni haramu. Sivyo. Zilizopigwa marufuku nchini mwaka 2001 ni nyavu za uzi mmoja wa nailoni, pamoja na zile za kukokotwa ufuoni. Mshipi wa mkono haumo. Hauvunji matumbawe kama wavu wa kukokota, na samaki mdogo aliyenaswa unaweza kumrudisha akiwa hai.

Usitarajie kila samaki wa Pwani. Tafi, ambaye familia nyingi humpenda, ni mla majani, na ndiyo sababu wavuvi humtegea dema. Kwa ngisi au kamba kwenye ndoana, mtarajie changu, na ukiwa na bahati, tewa.

Sasa nikupe jambo unaloweza kulifanya hata kama unaishi ghorofa ya nne jijini Nairobi na bahari huioni ila kwenye kalenda. Mwezi uliopita binti yangu, ambaye yuko darasa la sita kama nilivyokuwa mimi, aliniuliza, "Baba, utajuaje kama fundo la babu ni bora kweli? Pengine yule tewa alikuwa mzito tu."

Nilikubali kwamba swali lake lina haki. Tukachukua mtungi wa plastiki wa lita kumi, bomba la chuma la kuanikia nguo uani, na nailoni iliyoandikwa kwamba inabeba kilo 14. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtungi ni mizani isiyogharimu kitu. Tulifunga kipande cha uzi chenye fundo la kawaida katikati, tukauning'iniza mtungi mtupu sentimita chache tu juu ya sakafu ili usimwangukie mtu mguuni, kisha tukawa tunatia maji kwa kikombe. Miwani yangu ya kusomea alivaa yeye, kwa kuwa nailoni ikikatika hurusha ncha yake kama mjeledi.

Fundo la kawaida lilikatika kabla ya lita ya nane. Ncha yake ilijikunja kama jongoo. Nilimwonyesha, nikajikuta nimenyamaza kidogo.

La pili lilikuwa fundo la kitanzi, alilolifunga yeye. Lilipita lita nane. Lilipita lita tisa. Mtungi ukajaa ukawa unafurika, na fundo lilikuwa bado limeshika. Hatukuwa na mtungi mkubwa zaidi, kwa hiyo sijui lingefika wapi. Jaribu kwako, na hesabu zako zaweza kutofautiana na zetu, kwa sababu uzi wa zamani uliokaa juani hupungua nguvu, na hakuna mafundo mawili yanayofanana. Nawe usisahau kwamba fundo lolote, hata hili, hupunguza nguvu ya mshipi. Ukitarajia samaki wa kilo saba, usinunue uzi wa kilo saba.

Tulipopata nafasi tulipanda gari moshi hadi Mombasa, tukavuka kwa feri ya Likoni, tukafika Msambweni jioni. Mjomba haendi tena baharini. Macho yamepungua, na mtumbwi alimwachia yule binamu yangu ambaye sare yake, kwa taarifa yako, ilinunuliwa kwa mkopo dukani na ikalipwa Machi.

"Shikamoo, babu," binti yangu akasema, na kabla ya kukaa akatoa mfukoni mshipi alioufunga garini, wenye vitanzi vitatu.

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Hakuuangalia. Aliupitisha mshipi kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, macho yakiwa yametazama upande wa bahari. Kwenye kitanzi cha kwanza aliguna. Kwenye cha pili aliguna tena. Kwenye cha tatu kidole kilisimama, kikarudi nyuma, kikapapasa mzunguko mmoja uliokuwa umempanda mwenzake. Akachomoa kisu kiunoni, akakikata kitanzi hicho, akamrudishia mshipi.

"Hili rudia," akasema.

Binti yangu aliketi kizingitini akaanza upya.